Mtazameni Mikono

Mwenyekiti, wapenzi wenzangu wa filamu na katuni, asanteni kwa kunikabidhi kipaza sauti.

Watu wa aina yetu tukikutana, ubishi huwa ni ule ule: nani angempiga nani. Huyu akivaana na yule, nani atabaki amesimama? Nimeushiriki ubishi huo kwa raha zangu na sina mpango wa kuuacha. Ila kwa dakika hizi chache naomba tuuweke kando, maana nimekuja kumsemea shujaa ambaye ubishi ule haumtendei haki. Ni jitu. Kwa nguvu, karibu wote anaosimama nao hawamfikii, na hesabu zetu mara nyingi huishia kwake. Lakini yeye mwenyewe vita havitaki, sifa hazitaki, na angepata wa kumpokea mzigo huo wa nguvu angeutua leo hii akaenda zake. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Huyu ni mwenye nguvu anayewapisha wengine.

Mmeshamjua. Ni Hulk. Ana ndugu zake, na nitawagusa wawili, lakini kwake ndiko nitakakopiga kambi.

Mkimtazama, nawaomba jambo moja. Misuli iacheni. Kishindo, magari yanayorushwa, kuta zinazobomoka, viacheni vyote. Mtazameni mikono.

Tuanze na babu yao. Mwaka 1818 Mary Shelley alichapisha riwaya ya Frankenstein, na mwaka 1931 James Whale akaongoza filamu yake, Boris Karloff akiigiza kile kiumbe kilichoundwa na mwanasayansi kwa viungo vya maiti. Humo mna kipande kifupi kando ya ziwa. Mtoto wa kike anamwona kiumbe, hamwogopi, anamshika mkono na kumpa maua. Wanayatupa majini moja moja, yanaelea, na kiumbe anacheka kwa furaha. Kisha maua yanaisha. Anaitazama mikono yake mitupu, anamtazama mtoto, na kwa akili yake kila kizuri kikitupwa majini huelea. Anamnyanyua, anamtupa. Mtoto anazama, na kiumbe anahangaika kwa hofu asijue amefanya nini.

Majitu wapole wote waliofuata wametoka pale ziwani. Nia ilikuwa safi. Mikono ndiyo haikujua uzito wake.

Sasa twende 1962. Stan Lee na Jack Kirby wanamleta Hulk kwenye kitabu cha katuni, na Lee mwenyewe alisema wazi kwamba kichwani alikuwa na kiumbe wa Frankenstein pamoja na yule daktari wa Kiingereza wa sura mbili, Jekyll na Hyde. Bruce Banner ni mwanasayansi aliyebuni bomu la mionzi ya gama. Dakika za mwisho kabla ya jaribio anaona kijana ameingia na gari katikati ya uwanja wa mlipuko. Anakimbia, anamvuta, anamsukumia ndani ya handaki, na mlipuko unamkuta yeye bado yuko wazi. Hapo mjadala wa mashabiki hukimbilia mionzi. Mimi hubaki na ule msukumo. Kabla mikono hiyo haijawa mikubwa na ya kutisha, kazi yake ya mwisho ilikuwa kumtia mtoto wa mwenzie mahali salama.

(Toleo la kwanza alikuwa wa kijivu. Rangi ile ikawasumbua wachapaji, ukurasa huu imekolea, ule imepauka, basi kuanzia toleo la pili akawa wa kijani. Na hasira, ambayo leo tunadhani ndiyo roho ya hadithi, mwanzoni haikuwa na kazi hiyo: alikuwa akibadilika jua likizama. Matoleo sita tu, kitabu kikasimamishwa. Mnaoandika na kukataliwa, lichukueni hilo liwafariji.)

Lakini Hulk ninayempenda kuliko wote ni wa televisheni, yule wa 1977 hadi 1982. Najua vijana wameshaanza kutabasamu. Kweli, ukimtazama leo unaona mtu aliyepakwa rangi na kuvishwa wigi. Hakukuwa na kompyuta ya kumchora. Jengo zima haliwezi kubomolewa kila wiki, fedha hizo hazikuwapo, kwa hiyo kwa kawaida jitu lilitokea mara mbili tu katika kila sehemu, dakika chache chache. Muda uliobaki wote tulikaa na mtu anayeogopa kubadilika. Naamini kabisa kwamba ufinyu huo ndio uliotupa Hulk bora. Waandishi hawakuweza kuijaza saa nzima kwa vurugu, ikabidi waijaze kwa mtu.

Aliyekitunga kipindi, Kenneth Johnson, hakuwa shabiki wa katuni. Alibadilisha mengi, hata jina: Bruce akawa David. Alitaka hata jitu liwe jekundu, kwa hoja kwamba hasira ni nyekundu, akakataliwa. Badiliko lililo kubwa zaidi halitajwi sana. Aliondoa bomu, akaweka ajali ya gari.

Banner wa televisheni, aliyeigizwa na Bill Bixby, alikuwa na mke. Gari lao linapinduka, mke ananasa ndani, gari linashika moto. Banner anavuta mlango, anainua, anahangaika. Mikono inashindwa. Mke anafia mle ndani yeye akiwa hapo hapo. Baada ya msiba anajitosa katika utafiti wa swali moja: kwa nini watu wengine, wenye mwili wa kawaida tu kama wake, katika dakika kama ile huinua gari na kumtoa wampendaye, na yeye alishindwa? Jibu analoliona linamwongoza kwenye mionzi ya gama. Anakaa chini ya mashine usiku, peke yake, na mashine inampa kiasi kikubwa kuliko alichokusudia.

Sasa sikilizeni mabadiliko ya kwanza yanavyotokea. Hakuna adui. Hakuna jambazi wala jeshi. Ni usiku, mvua inanyesha, gari limepata pancha. Banner amechuchumaa kwenye matope anafungua nati za tairi. Spana inateleza, mkono unaumia. Basi. Yule aliyeshindwa kumtoa mkewe kwenye gari sasa anashindwa hata na nati, na maumivu ya mkono yanamwamsha mwenzake wa ndani. Anaigeuzia hasira yote gari lenyewe. Mashujaa wengine huzaliwa kwa kuumwa na mdudu wa ajabu au kushuka kutoka sayari nyingine. Huyu alizaliwa kwa spana kuteleza, na kila aliyewahi kubadilisha tairi kwenye mvua anaielewa hasira ile bila kufafanuliwa.

Kesho yake jitu liko porini, karibu na ziwa. Kuna msichana. Watunzi wanajua mnachokumbuka, wanajua mmeiona ile filamu ya 1931, na wanatupeleka pale pale kwa makusudi. Msichana anaogopa, anajaribu kukimbia kwa mashua, anaishia majini. Hulk anasimama ukingoni. Kisha anausukuma mti mzima uangukie majini ili msichana apate pa kushika.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Babu yake alimtupa mtoto majini, mjukuu anampelekea mtoto mti. Bado hajui kupima. Mtu mwenye akili timamu angenyoosha tawi au angeogelea. Yeye anaangusha mti. Mkono ni ule ule mzito. Ila safari hii umejua unakotaka kwenda. Na malipo yake? Baba wa msichana anampiga risasi.

Siulaumu sana upande wa baba. Ungekuwa wewe, umeona lile jitu la kijani karibu na mwanao, ungefanyaje? Hadithi nzuri ya jitu pole haiwafanyi wanaoogopa kuwa wajinga. Wanaogopa kitu ambacho kweli kingeweza kuwaua, na jitu lenyewe linaogopa kitu hicho hicho. Hapo Banner na walimwengu wanakubaliana.

Mwisho wa filamu ya televisheni iliyokifungua kipindi hicho, maabara inalipuka. Mwenzake wa utafiti, Dakta Elaina Marks, yumo ndani. Hulk anaingia motoni na kumtoa, na safari hii mikono inaweza: ile nguvu aliyoikosa siku ya gari sasa anayo. Anambeba hadi nje. Elaina anafia mikononi mwake, akimwambia maneno ya upendo ambayo jitu haliwezi kuyaelewa vizuri. Nguvu zote alizozitamani amezipata, na hazikutosha. Juu ya hapo, mwandishi wa habari Jack McGee, ambaye udadisi wake ndio uliochangia mlipuko, anaondoka na kisa chake: jitu limewaua wote wawili, Banner na Elaina. Kwa hiyo kipindi kizima Hulk anasakwa kwa mauaji ya watu wawili, mmoja aliyejaribu kumwokoa na mwingine ambaye ni yeye mwenyewe.

Banner anaanza kutangatanga. Mji huu anabeba mizigo, mji ule anafagia. Jina anabadilisha kila mara, lakini ni David daima, na jina la ukoo kwa kawaida linaanza na B, jambo ambalo kwa mtu anayejificha ni uzembe mkubwa, ila tunamsamehe. Anachotafuta ni dawa. Elewa vizuri: ana kipaji ambacho nusu ya walioketi humu wangekichukua bila kuuliza bei, na yeye anazunguka nchi nzima akitafuta wa kumwondolea. Kila wiki anakuta mtu anaonewa, kila wiki anajua kwamba akijiingiza ataumizwa na akiumizwa atabadilika, na kila wiki anajiingiza.

Kisha kuna asubuhi inayofuata. Banner anazinduka mahali asipopajua, shati limechanika, miguu peku, kumbukumbu hana. Mara nyingine anaitazama mikono yake. Anachotaka kujua ni kama kuna aliyeumia. Mashujaa wengine baada ya vita hupongezana. Huyu huuliza majeruhi. Hulk wa kipindi kile hakuua. Aliwatupa watu kwenye maji, kwenye maboksi, kwenye vichaka. Lakini Banner hakuwa na njia ya kulijua hilo, ilimbidi aishi na uwezekano wake. Sehemu ikiisha unamwona barabarani na begi lake, kidole gumba kimenyooshwa anaomba lifti, na kinanda cha Joe Harnell kinapigwa pole pole. Watu wa rika langu mkiwapigia noti nne tu za kinanda kile wananyamaza.

Siwezi kupita bila kumtaja Lou Ferrigno. Alikuwa mtunisha misuli, na tangu utotoni alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia. Hulk wake hasemi. Hana hata neno moja la kujitetea, na hata ngurumo zake zilitolewa na waigizaji wengine. Alibaki na uso na mwili tu, na kwa hivyo viwili akatufanya tumwonee huruma mtu anayevunja milango. Mtazameni macho anapokaribia mtoto au mnyama. Anapunguza mwendo. Mabega yanashuka. Mkono unatangulia ukiwa wazi, kiganja juu. Waigizaji wengi wenye maneno kurasa kwa kurasa hawajawahi kufika hapo.

Na katika sehemu moja ya mwaka 1978, ambayo mwigizaji Mariette Hartley aliipatia tuzo ya Emmy, Banner anajaribu kumdhibiti jitu kwa njia ya usingizi wa tiba. Ndani ya mawazo yake wako jangwani, yeye na Hulk, uso kwa uso. Anawaza wavu, jitu linauchana. Anawaza kizimba, jitu linakivunja. Wale wanaosema upole wa Hulk ni tabia aliyozaliwa nayo, naomba waitazame sehemu hiyo. Upole ule ni kazi, tena ya kila siku, na siku nyingine inamshinda.

Ben Grimm nitampitia haraka, ingawa anastahili jioni yake mwenyewe. Ni rubani wa kundi la mashujaa wanne, Fantastic Four, aliyegeuka mwamba. Kwenye toleo la kwanza kabisa la 1961 yeye ndiye aliyeonya kuhusu hatari ya mionzi ya angani, akaitwa mwoga, akarusha chombo. Wenzake watatu wanaweza kurudi kwenye sura zao wakitaka, yeye hawezi. Katika filamu ya 2005, mchumba wake anamwona barabarani alivyogeuka, anavua pete, anaiweka chini na kuondoka. Ben anainama kuiokota. Vidole ni vinene mno. Anajaribu tena, pete inateleza kwenye lami. Muda mfupi kabla ya hapo amesimamisha lori kwa mwili wake. Filamu yenyewe si kubwa kihivyo, nakiri, lakini kwa pete ile naisamehe mengi.

Basi turudi kwa Hulk, huyu wa siku hizi wa Mark Ruffalo. Mwaka 2012, katika filamu ya The Avengers, wanamwita ajiunge na kundi la mashujaa. Wanamwambia wanamhitaji kwa ujuzi wake wa mionzi, si kwa yule mwingine. Maneno matamu. Halafu ndani ya chombo chao mna kizimba cha kioo, na anatambua mara moja kwamba hakikujengwa kwa ajili ya mfungwa aliyemo. Kilijengwa kwa ajili yake. Umealikwa karamuni, na pingu zako ziko tayari mezani. Hatukani mtu, hapigi meza. Anatania kidogo na kuendelea na kazi. Kila mtu mle anampima joto, mmoja anamchoma kwa kifaa chenye umeme aone kama atalipuka. Anayevumilia utani huo huku akijua gharama ya kukasirika ana ujasiri kuliko wote waliomzunguka wenye ngao na nyundo.

Mwaka 2015 ikaja picha ninayoiona bora katika filamu hizi mpya, na haina kishindo hata kidogo. Vita vimekwisha, Hulk bado anahema. Natasha, shujaa mwenzake, anamsogelea polepole, anaongea naye kwa sauti ya kubembeleza, anavua glovu, ananyoosha kiganja. Yeye anakitazama. Anasita. Kisha anauleta ule mkono wake mkubwa, anauweka juu ya cha Natasha, na Natasha anapitisha vidole kwenye mkono ule. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Natasha hana uwezo wa kumzuia, hata kidogo. Anachofanya ni kumwamini kwamba atajizuia mwenyewe, na yeye anahangaika astahili imani hiyo. Mwisho wa filamu hiyo hiyo yuko peke yake kwenye ndege, Natasha anamwita kupitia kioo arudi, na kwa kidole kimoja anakata mawasiliano. Ameamua kwamba kuwa mbali nao ndiyo njia ya kuwalinda.

Ninapogombana na watengenezaji ni kwenye filamu ya 2019. Wanatuletea Hulk aliyepona: akili ya Banner, mwili wa jitu, miwani puani, watoto wanakuja kuomba picha. Amepatanaje na nafsi yake? Anatueleza mezani, kwa sentensi chache, kwamba alikaa maabara mwaka na nusu. Jamani! Tumemsindikiza mtu huyu miongo kadhaa kwenye mapambano ya ndani, na ushindi wenyewe unasimuliwa kama mtu anayeeleza alivyopata leseni ya udereva. Sikatai kwamba alistahili kupumzika. Nakataa kunyimwa kuona.

Lakini filamu hiyo hiyo ikajikomboa. Nusu ya viumbe wote wamefutwa, na inahitajika mtu avae glovu yenye mawe ya nguvu za ajabu ili awarudishe. Wapo wenye shauku ya kuvaa. Hulk anasema mionzi ya mawe yale ni ya gama kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kazi ni yake. Anaivaa, mkono unaungua hadi begani, anapiga magoti, na mwisho anaalisha vidole. Nusu ya viumbe wanarejea. Kitendo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufanya kilihitaji kidole gumba na cha kati. Baadaye, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, anakiri kwamba akiwa ameivaa glovu ile alijaribu kumrudisha Natasha pia, ambaye alikuwa amekufa, na haikuwezekana.

Sasa naona kuna wenzetu humu mnaoandika na kuchora, na kwenu nina neno la kikazi. Mkitaka kumtunga jitu pole, msimpe hotuba ya kueleza kwamba ni pole. Hotuba nimebeba mimi, inatosha. Mpeni kitu kidogo cha kushika: yai, sindano, kitoto cha ndege, ufunguo wa mlango wa mtu mwingine. Mwacheni ajaribu mbele yetu, kwa muda mrefu kuliko mhariri wenu atakavyopenda. Mara nyingine akivunje. Na aliye karibu naye asikimbilie kumwambia haidhuru, kwa sababu inadhuru, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Maswali nayapokea. Anayetaka kuuliza nani angempiga nani, aanze.